Mkono Legelege

Kuna neno moja ambalo sisi wenye bastola za Wren tulikuwa tukilitia kila mahali kama chumvi, nalo ni "mkono legelege." Bastola yako imekwama? Mkono legelege. Ganda la risasi limegoma kuruka nje, limesimama wima juu ya bastola kama bomba la moshi? Mkono legelege. Mkeo, shangazi yako, mchungaji wako analalamika kwamba kitu hiki hakifai? Basi wote hao mikono yao ni mlenda. Na aliyelilea neno hilo mpaka likaota ndevu alikuwa mzee mmoja wa hapa hapa Barlow Springs, Ohio, jina lake Verlin Oakes.

Verlin alikuwa mchoraji wa mabango. Miaka arobaini na mmoja aliandika herufi kwa brashi, bila rula, bila kuchora kwanza kwa penseli. Ukipita mjini leo utaiona kazi yake kwenye ukuta wa duka la malisho, kwenye milango ya gari la zimamoto, na pale nje ya kanisa la Wamethodisti penye maneno MUNGU ANAKUONA, PUNGUZA MWENDO. Watu walikuwa wakisimama kumtazama akivuta mstari mmoja mrefu kwa pumzi moja. Mkono wake ulikuwa jina lake, na alijua hivyo, na hakuona haya kuusifu.

Alipostaafu akanunua Wren, bastola ndogo ya mfukoni yenye jina la ndege, inayotengenezwa na kampuni ya Dunmarrow, akajiunga na jukwaa la wamiliki kwenye mtandao. Akajiandikisha kwa jina la Mkono Thabiti. Noreen, mkewe, alicheka aliposikia, akamwambia basi yeye ataitwa Masikio Makubwa. Lakini Verlin hakuwa anatania.

Jukwaa lile lilikuwa soko la malalamiko. Mmoja wa Nebraska aliandika: "Nimekaa kwenye simu ya huduma kwa wateja dakika hamsini nikisikiliza banjo. Ule wimbo sasa naujua, nikialikwa harusini nitaupiga." Mwingine: "Springi ya magazini ya risasi imekufa ndani ya mwezi, nimewapigia, wananiambia ninunue nyingine. Ninunue! Jamani, hata kibaniko cha mkate kina dhamana." Mwingine bastola yake ilipata kutu kiangazi cha kwanza kwa jasho la kiunoni tu. Na mama mmoja wa Missouri aliandika maneno ambayo wengi tuliyapita bila kuyasoma vizuri: "Mimi sitaki kofia yao wala kibandiko cha gari. Nataka mtu mmoja aniambie, pole, tumekosea."

Wote hao Verlin aliwajibu. Kila asubuhi baada ya kahawa aliketi mezani akawajibu mmoja mmoja kama daktari wa zamu, wala kampuni haikumlipa hata senti. Umepiga risasi ngapi? Hazijafika mia tano? Basi bado haijalainika, rudi zikifika. Umeitia mafuta? Ni nani anayeishika? Na mwisho wa yote, kama hajapata pa kuegemeza lawama, neno lile.

Kwa haki yake, neno lenyewe lilikuwa la kweli. Bastola ya namna hii hujilisha yenyewe: ikilia, sehemu ya juu hurudi nyuma kwa nguvu, hutupa ganda, huokota risasi nyingine. Lakini lazima mkono wa chini uwe umesimama imara. Mkono ukirudi nyuma pamoja nayo, nguvu hupotea njiani na ganda hubaki limekwama. Ubaya wa neno la kweli ni kwamba unaweza kulitandika juu ya uongo wowote na likatosha. Kampuni ililipenda sana. Walimtumia Verlin kofia yenye picha ya ndege, na akaivaa mpaka kanisani.

Januari ya mwaka jana akaandika mwanamke mmoja kwamba Wren yake inakwama kila magazini ya pili. Ameirudisha kiwandani, imekaa wiki saba, imerudi na karatasi: hakuna tatizo lililoonekana, mteja aimarishe mshiko. Akauliza kwa upole, hivi tukinunua kitu kipya tuna haki ya kutarajia nini? Verlin akamjibu: "Dada, tarajia kufanya mazoezi. Bastola haina mifupa, mfupa wake ni wewe. Au na nyama unaikata kwa kisu cha plastiki? Mkono legelege!"

Hilo la nyama hakulitoa hewani. Kaunti yetu ni ndogo, na mwandishi hata kama hakuweka jina, sote tulijua kuwa ni Darla Kuhn, muuza nyama wa duka kubwa la pale barabarani. Watu sitini na mmoja walibonyeza alama ya kucheka, na mimi nilikuwa mmojawao, Mungu anisamehe. Darla hakujibu kitu. Aliendelea kumfungia Verlin vipande vyake vinne vya nguruwe kila Alhamisi, na akimkabidhi alikuwa akimuuliza tu, "Mkono vipi, Mkono Thabiti?"

"Upo," Verlin alikuwa akijibu. "Upo imara."

Aprili mkono ukaacha kuwa imara, au bastola ikaacha kuwa nzima. Hilo ndilo lililomtesa Verlin: hakujua ni lipi.

Alikuwa peke yake kwenye uwanja wa shabaha wa Kettle Run, Jumatatu, mvua ya rasharasha. Risasi ya tatu, ganda likasimama. Alilitoa, akapiga tena. Ya tano, ganda likasimama. Miaka sita ile bastola haikuwahi kumfanyia hivyo. Akaenda nyumbani, akaisafisha mpaka ikang'aa, akabadilisha aina ya risasi, akaweka springi mpya ya magazini, tena akainunua kwa hela yake bila kunung'unika. Alhamisi akarudi uwanjani. Ilikwama mara nne.

Mwanzoni aliona aibu ya kawaida tu, ya mtu aliyesifu ng'ombe wa jirani kisha akapigwa teke. Kama Wren yake ni mbovu, basi amekuwa akiwatukana watu bure kwa miaka sita. Hilo lilikuwa chungu, lakini lilimezeka. Lililomkosesha raha ni lile jingine. Tangu Krismasi brashi ilikuwa ikimchezea. Wamethodisti walimwomba aipake upya ile PUNGUZA MWENDO, akawaambia subirini baridi iishe, kisha subirini upepo uishe. Orodha ya vitu vya dukani alikuwa akiiandika kwa herufi kubwa za mtoto wa chekechea. Na uma wake mezani ulikuwa umeanza kugonga sahani kabla haujafika kwenye nyama.

Noreen hakuyaona hayo, kwa sababu Noreen haoni. Ugonjwa ulimla macho katikati. Pembeni anaona mlango na dirisha, lakini uso wa mtu aliye mbele yake ni ukungu. Ana miaka mitatu hajagusa usukani. Wanakaa Turkey Hollow, maili tisa kutoka mjini, barabara ya kona na daraja jembamba, wala hakuna basi linalofika huko. Daktari wa macho, kanisa, duka, dada yake Noreen aliye kitandani: kote huko anafika kwa mkono wa Verlin. Mkono ukienda, gari limekwenda, na wawili wale wamefungiwa ndani kama kuku.

"Hicho kikombe chako kinaongea," Noreen alimwambia asubuhi moja.

"Kikombe gani?"

"Ulichoshika. Kinagonga kisahani. Nina macho mabovu, Verlin, masikio yangu mazima."

"Kahawa ni ya moto."

"Kahawa ya moto haigongi." Akageuka, akitafuta uso wa mumewe ulipo. "Nenda kwa daktari. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Kwanza nijue habari ya bastola."

"Bastola inahusiana nini na kikombe?"

Angemjibu nini? Kwamba kila usiku kabla ya kulala anaomba bastola yake iwe mbovu? Mtu mzima, shemasi wa kanisa, anapiga magoti kuomba apewe kasoro. Maana bastola ikiwa mbovu, mkono ni mzima. Uma, brashi na kikombe, hayo yote ni uzee tu, ni kahawa.

Mwezi wa tano akapiga simu kiwandani. Aliisikiliza ile banjo dakika thelathini na nane, akatambua kwamba jamaa wa Nebraska hakuwa ametia chumvi.

"Asante kwa kupiga simu Dunmarrow, unaongea na Shelby. Nikusaidie nini leo, bwana?"

"Bastola yangu inakwama."

"Pole sana kwa usumbufu, bwana. Kabla hatujaendelea, anayeitumia ni wewe mwenyewe au ni mke wako?"

"Ni mimi."

"Sawa, bwana. Na unapoishika—"

"Binti, mimi nimeshika bastola kabla mama yako hajazaliwa."

"Naelewa kabisa, bwana. Wateja wetu wengi wenye hali kama hii—"

"Hali gani? Sema kasoro."

Msichana akashusha sauti. "Hilo neno haturuhusiwi, bwana. Sisi tunasema hali. Sasa, wengi wenye hali hii wamesaidika na maelezo ya mteja wetu mmoja kule kwenye jukwaa la wamiliki. Wakubwa wamesema tuwasomee watu. Anaitwa Mkono Thabiti. Nikusomee?"

Shelby akachukulia kimya kuwa ndiyo, akaanza kusoma kwa sauti ya mtoto wa shule ya Jumapili: "'Rafiki yangu, bastola haina mifupa, mfupa wake ni wewe. Kabla hujamlaumu fundi aliyeiunda, nyoosha mkono wako mbele yako uutazame. Ukiuona unacheza, umeshampata mwenye kosa—'"

"Inatosha."

"Kuna sehemu nzuri mbele, bwana. Ya kushika nyundo."

"Naijua."

"Ahaa, umeshaisoma!"

"Nimeshaisoma," Verlin alisema. Alikuwa amesimama jikoni, kofia ya ndege kichwani, na mkono wake wa kulia, ule wa herufi, ulikuwa umenyooka mbele yake bila yeye kuuagiza. Aliutazama ukicheza. Akaurudisha mfukoni upesi kana kwamba Shelby angeuona.

Aliituma bastola. Ikakaa wiki tisa. Noreen alimuuliza tena habari ya daktari, naye akasema baada ya kifurushi kurudi. Kila gari la posta lilipopunguza mwendo kwenye sanduku lao, moyo wake ulikuwa ukipanda. Alikuwa amejipangia kabisa: wataandika wamebadilisha kipande fulani, ataomba msamaha kwa watu wote kwenye jukwaa, atajidhalilisha mpaka waseme basi, kisha atapanda ngazi kuipaka ile PUNGUZA MWENDO.

Kifurushi kilirudi Julai na karatasi moja. Imejaribiwa risasi hamsini. Hakuna tatizo lililoonekana. Mteja aimarishe mshiko.

Verlin alikaa kwenye gari lake gerejini akalia. Alilia kama watu wetu wanavyolia, yaani bila sauti na madirisha yamefungwa. Halafu katikati ya kulia akakumbuka kitu, akafuta uso kwa kofia. Karatasi hii si ndiyo ileile ya Darla? Neno kwa neno! Labda wana rundo la hizo karatasi, wanazitia kwenye kila sanduku bila hata kuifungua bastola. Basi karatasi haikumtia hatiani, na pia haikumwachia. Ndiyo kwanza amerudi palepale alipokuwa, hana mbele wala nyuma.

Njia ilikuwa moja tu: apatikane mtu mwenye mkono usio na shaka aipige ile bastola. Lakini nani? Ukimwomba mwanamume yeyote wa Kettle Run akujaribie bastola, saa sita mchana kaunti nzima inajua. Verlin alizunguka na jambo hilo wiki mbili. Halafu Alhamisi moja akasimama mbele ya kioo cha nyama, akamtazama Darla akishusha nusu ya nguruwe kutoka kwenye ndoano kwa mkono mmoja.

"Vinne, vinene, kama kawaida?" Darla aliuliza. "Mkono vipi, Mkono Thabiti?"

"Darla, nina shida."

"Ya nyama au ya mke?"

"Ya bastola." Akatazama nyuma kama kuna mtu. "Inakwama."

Kisu kikasimama. "Rudia hapo."

"Inakwama. Ganda linasimama."

Darla alikiweka kisu chini taratibu, akajifuta mikono kwenye aproni. Alikuwa amelisubiri jambo hili tangu Januari, na sidhani kama kuna mtu wa kumlaumu. "Mkuki kwa nguruwe," alisema, akaipiga kofi ile nusu iliyolala mbele yake, "na shahidi mwenyewe huyu hapa. Si uende kwenye jukwaa? Kuna bingwa mmoja kule, atakushauri vizuri."

"Wameshanisomea kwenye simu."

"Nani?"

"Kampuni. Walinisomea maneno yangu."

Darla alicheka mpaka akashika meza. Mama mmoja aliyekuwa akichagua soseji akageuka kuwatazama. Verlin alisubiri amalize. Alipomaliza akasema, "Nataka uipige wewe. Nina haja ya mikono yako."

"Mikono yangu gani? Hii legelege?"

"Hiyo ninayoiona kila wiki ikivunja mbavu."

"Hayo ungeyaandika Januari, Verlin."

"Najua. Nilikosea. Pole, Darla."

Nadhani Darla hakutegemea kulisikia. Alifunga vile vipande vinne kwenye karatasi, akampa. Verlin akapokea, na ile karatasi ikaanza kulia mkononi mwake, chwachwachwa, kama kuna panya ndani. Aliibana kifuani ili inyamaze. Lakini Darla alikuwa ameshaisikia, akautazama ule mkono, kisha akautazama uso wa Verlin, na dhihaka yote ikamtoka.

"Jumamosi saa tatu," alisema kwa sauti ndogo. "Kabla wale wa Kettle Run hawajafika na donati zao."

Jumamosi walikuwa wawili tu uwanjani, na umande bado uko kwenye majani. Verlin alijaza magazini tatu mwenyewe, saba saba, risasi zake zilezile. Ilimchukua muda, na Darla akajifanya anafunga kamba za viatu. Kisha akaichukua Wren ya Verlin, akasimama, akapiga.

Kila ilipolia, Verlin aliomba. Kwama. Kwama, Mungu wangu, kwama hata mara moja. Magazini ya kwanza ikaisha. Maganda yote saba ya shaba yaliruka kulia yakatua kwenye majani kwa adabu. Ya pili ikaisha. Katika ya tatu alikuwa anatamka kwa midomo. Ganda la ishirini na moja lilipoanguka, Darla alibaki ameinyoosha bastola tupu kwa muda, kana kwamba naye alikuwa anaisubiri ikatae.

"Labda leo tu," alisema.

"Hapana."

"Verlin, hii haimaanishi—"

"Bastola ni nzima, Darla. Nashukuru."

Aliketi kwenye benchi. Hakuhisi kitu kikubwa, alihisi ubaridi wa benchi tu. Alikuwa akifikiria lile daraja jembamba la Turkey Hollow, na Noreen pembeni yake akimwambia habari za dada yake, uso umeelekea kwenye kioo asichokiona.

Wanaume wakafika. Mbele alikuwa Lonnie Pruitt, mwenye uwanja, ambaye aliendesha gari la kuvuta magari mabovu miaka thelathini na vifundo vyake vya mikono vina unene wa kigingi cha ua. Nyuma yake wenzetu wanne watano, na mimi nikiwamo, na boksi la donati.

"Ehe! Mahasimu wamepatana!" Lonnie alisema. "Darla, umemleta mzee akufundishe kushika?"

Darla akaitoa Wren yake mwenyewe kwenye mkoba, akaiweka mezani. "Nifundishe wewe, Lonnie. Ipige."

Lonnie akaangalia wenzake, akalamba sukari kwenye kidole, akaichukua. Ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya nne, ganda likasimama wima. Akalitoa akicheka. Magazini ya pili, ganda likasimama kwenye risasi ya tatu na ya sita. Hakucheka tena. Alikitazama kifundo chake cha mkono kama mtu aliyeambiwa na mtoto wake kwamba ni mwizi.

"Lonnie," alisema mmoja wetu, "mkono legelege?"

"Funga bakuli lako," Lonnie alisema. Akaigeuza ile bastola huku na huku. "Hii mbovu. Darla, hii mbovu kabisa, tangu ilipozaliwa."

"Nilisema Januari."

"Ulisema." Lonnie akakohoa. "Tukakucheka."

Hapo ndipo hasira yetu ilipogeuka. Watu wenye aibu hutafuta haraka mwingine wa kubeba mzigo, na kampuni ilikuwa mbali, na haina uso. Tukaanza: wezi, wanatuchezesha, miaka yote wanatubandika makosa yao mikononi, na ile banjo, na zile karatasi. Lonnie akamgeukia Verlin aliyekuwa bado kwenye benchi. "Na yako, mzee? Nimesikia milio nilipokuwa getini. Mlikuwa mnaijaribu yako?"

Verlin akafungua mdomo. Darla akamtangulia.

"Yake nayo mbovu," alisema, macho makavu. "Inakwama vilevile. Nimeipiga mwenyewe."

Tukapiga kelele sote. Hata ya Mkono Thabiti! Sasa nani atabisha? Andika, mzee, andika leo hii kwenye jukwaa, wewe wakikusikia wamekwisha!

Verlin alimtazama Darla, akaona mlango aliofunguliwa. Uongo ule ulikuwa zawadi, tena kutoka kwa mtu asiye na deni kwake. Angeweza kupita hapo na kofia yake kichwani. Angeandika, watu wangempigia makofi, angerudi nyumbani kwa gari lake, na Jumanne angempeleka Noreen kwa daktari wa macho, kona baada ya kona. Na siku moja mkono wake ungefanya pale darajani ulichofanya kwa uma, na asiyeona mbele ndiye ambaye asingejua hata kupiga kelele.

Akasimama.

"Yangu nzima," alisema. "Darla ananistahi. Ya Darla ndiyo mbovu, na nilimkosea, nitaliandika hilo. Lakini yangu haina kitu. Ni mkono wangu. Mimi ndiye mkono legelege."

Lonnie akapasuka kicheko, na sote nyuma yake.

"Huyu mzee, jamani! Mpaka leo anaitetea kampuni!"

"Mletee kofia nyingine!"

"Verlin, watakuzika na hiyo Wren!"

"Sitanii," Verlin alisema. Akaunyoosha mkono wake wa kulia mbele yetu, mtupu, vidole vimefunguka, na ukacheza hewani. Alisimama hivyo akauacha tuuone. Na Lonnie, machozi ya kicheko yakimtoka, naye akaunyoosha wake akautikisa. Mwingine akafuata. Mwishowe tulikuwa tumesimama nusu duara, watu wazima, tumenyoosha mikono na kuitetemesha, tukiimba mkono legelege, mkono legelege, na katikati yetu mmoja ambaye hakuwa anaigiza.

Alitutazama mmoja mmoja. Mimi macho yangu yalipokutana na yake nilikuwa bado nautikisa wangu, na ilinichukua muda kuelewa kwamba wake haukuwa unaacha. Niliushusha.

Verlin aliuteremsha mkono wake kwa kuushika kwa ule wa kushoto. Darla alikuwa ameshafunga mkoba wake na kuja kusimama karibu naye. Hakumshika wala hakumpa pole. Alinyoosha kiganja tu, kama anavyofanya kaunta akisubiri mtu achague.

Verlin alielewa. Aliingiza mkono mfukoni akatoa funguo za gari, na zikalia hewani njia yote, mpaka zilipofika kwenye kiganja cha Darla zikanyamaza.